Kelele Zenye Hoja: Maswali na Majibu Kuhusu Albamu ya Refused

Kila nikiitaja albamu hii mbele ya watu wanaopenda muziki, maswali huwa yale yale, mengine ya udadisi na mengine ya kejeli. Nimeyakusanya hapa, na yale ya kejeli nimeyapa nafasi kubwa zaidi kwa sababu mara nyingi ndiyo yenye uzito.

Albamu yenyewe ni ipi?

Inaitwa The Shape of Punk to Come. Ni kazi ya bendi ya hadikoo (hardcore) ya Refused kutoka Umeå, mji wa chuo kikuu kaskazini mwa Uswidi, na ilitoka Oktoba 1998 kupitia kampuni ya Burning Heart. Ina nyimbo 12 na inachukua takribani dakika 55. Mwimbaji ni Dennis Lyxzén, mpiga ngoma ni David Sandström, na magitaa yako mikononi mwa Kristofer Steen na Jon Brännström. Brännström ndiye pia aliyeleta mashine na sauti za elektroniki.

Hadikoo ni nini hasa? Si panki tu iliyopandishwa sauti?

Karibu hivyo, lakini tofauti ipo. Panki ya miaka ya 1970 ilikuwa na mitindo ya mavazi, majina makubwa na kampuni za rekodi. Hadikoo ilizaliwa Marekani mwishoni mwa miaka hiyo na mwanzoni mwa miaka ya 1980, hasa Los Angeles na Washington, mikononi mwa vijana walioona kwamba panki yenyewe imeshaanza kulegea. Wakaukaza mdundo, wakafupisha nyimbo hadi dakika moja au mbili, wakaacha kuimba na kuanza kufoka. Rekodi walitengeneza wenyewe, na maonyesho waliyafanya popote palipopatikana ukumbi: kumbi za jamii, magereji, vyumba vya chini ya nyumba. Majina ya kushika hapa ni Black Flag, Minor Threat na Bad Brains. Hawa wa mwisho walikuwa vijana weusi wa Washington waliotoka kwenye jazi ya mchanganyiko (fusion), wakapiga hadikoo kwa kasi iliyowashinda wengi, kisha katikati ya onyesho wakageukia rege.

Nawataja Bad Brains kwa makusudi. Watu hudhani hadikoo ilikuwa na kanuni moja tangu siku ya kwanza, kumbe wakaidi walikuwemo tangu mwanzo. Mwaka 1984 pekee Black Flag walitoa My War, ambayo upande wake wa pili unakwenda polepole kiasi cha kuwaudhi mashabiki wao wenyewe, na Hüsker Dü wakatoa Zen Arcade, albamu ya sahani mbili yenye piano na mkanda unaochezwa kinyumenyume. Kanuni zilikuja kukauka baadaye. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 kijana aliyenunua rekodi ya hadikoo alijua atakachosikia kabla sindano haijagusa sahani: kasi, kisha pale pa kupunguza mwendo ili watu warukane, kisha kasi tena.

Refused walivunja nini, basi? Nikisikiliza nasikia mayowe tu.

Sikiliza wimbo wa New Noise kwa makini. Unaanza na gitaa likigonga noti chache zile zile, kavu, nyuzi zikiwa zimezibwa kwa ubavu wa kiganja. Ngoma zinaingia kidogo kidogo, shinikizo linapanda, na wewe unajiandaa kwa mlipuko. Halafu umeme unazimwa, kana kwamba mtu amekosea swichi. Kinabaki kipande cha elektroniki kama kinachotoka kwenye disko la chumba cha pili. Hapo ndipo mwimbaji anapouliza, kwa sauti ya juu kabisa, kama anaruhusiwa kupiga ukelele, na bendi nzima inamwangukia. Mpenzi wa muziki wa dansi anajua raha ya kucheleweshewa sebene. Hapa mbinu ni hiyo hiyo, ila wamecheleweshewa watu ambao desturi yao ilikuwa kupewa kila kitu sekunde ya kwanza.

Kisha nenda kwenye The Deadly Rhythm, ambao kwangu ndio wimbo bora wa albamu. Unahusu kazi ya kiwandani, mwendo wa mashine unaomla mtu. Katikati yake magitaa yanakatika na besi kubwa ya mbao, ile ya kupigwa kwa kusimama, inachukua usukani kwa mtindo wa jazi, na ngoma za Sandström zinalegea na kuanza kuyumba. Si pambo. Wimbo unaolalamikia mdundo wa kulazimishwa unauvunja mdundo wake wenyewe mbele yako, kisha unaurudisha ukiwa mzito zaidi. Ukilielewa hilo umeielewa albamu nzima.

Mengine yaliyobaki nayapitia haraka. Liberation Frequency unaanza kwa sauti nyororo, karibu ya mapenzi, juu ya gitaa safi lisilo na mkwaruzo, halafu unalipuka. Bruitist Pome #5 ni mashine tupu. Tannhäuser / Derivè unafunguliwa na fidla na kwenda zaidi ya dakika nane, muda ambao bendi ya hadikoo ya 1982 ingemaliza nyimbo tano. Wimbo wa mwisho ni mpole, wa gitaa lisilo la umeme.

Jina la albamu si la kujikweza?

Ni la kujikweza sana, na walijua. Limeigwa kutoka The Shape of Jazz to Come, albamu ya mpiga saksafoni Ornette Coleman ya mwaka 1959. Coleman aliondoa piano kwenye bendi, na pamoja nayo akaondoa ile ngazi ya noti zinazopigwa pamoja (chords) ambayo wapiga jazi walikuwa wakiishikilia wanapobuni. Wapo wakongwe waliosema mtu huyu hajui kupiga. Refused waliazima jina ili waazime na ugomvi: kama jazi iliweza kujivua kanuni zake na ikabaki jazi, panki inaogopa nini?

Kuna uzi mwingine mzuri hapa. Don Cherry, aliyempigia Coleman koneti kwenye rekodi ile, alikuja kuishi Uswidi miaka kadhaa baadaye. Sidai kwamba vijana wa Umeå walijifunza kwake, lakini jazi huru haikuwa kitu cha ajabu katika nchi hiyo.

Kwa nini kitu kama hiki kitoke Umeå na si New York?

Swali hili nalipenda. Umeå ni mji mdogo, wenye baridi kali na majira marefu ya giza, lakini ulikuwa na mambo mawili ambayo miji mingi mikubwa haina. Kwanza, vijana walipata mafunzo ya muziki na vyumba vya mazoezi kwa gharama ndogo, kwa sababu Uswidi huendesha shule za muziki za manispaa na kuvipa ruzuku vyama vya elimu ya watu wazima, ambavyo huzipatia bendi changa mahali pa kufanyia mazoezi. Ukimsikia Sandström akihama kutoka kwenye kasi ya hadikoo hadi kwenye jazi bila kujikwaa, kumbuka kwamba ufundi wa aina hiyo unahitaji saa nyingi chumbani, na chumba kina mwenye kukilipia.

Pili, hadikoo ya mji huo ilikuwa harakati. Miaka ya 1990 Umeå ulijulikana kwa vijana waliokataa pombe, sigara na dawa za kulevya, na ambao wengi wao hawakugusa nyama wala maziwa. Msimamo wa kukataa vilevi ulitoka kwa Minor Threat wa Washington, lakini hapa ulipata mizizi ya kudumu. Meshuggah, bendi ya metali yenye hesabu ngumu za mdundo, nayo ni ya mji huo huo. Watu wa Umeå walikuwa na mahali pa kukutana, kugombana na kushindana. New York ingewapa kodi ya nyumba ya kuhangaikia.

Siasa zao ni za kweli au ni za kwenye jalada tu?

Ni za kweli, na wakati mwingine zinachosha. Refused walikuwa wapinzani wa ubepari waziwazi, na walivutiwa na wale wanafikra wa Ulaya waliojiita Wasituasioni, kundi lililoanzishwa 1957 na kuongozwa na Mfaransa Guy Debord. Hoja kubwa ya Debord ilikuwa kwamba maisha ya kisasa yamegeuzwa kuwa maonyesho ya kutazamwa, na hata uasi ukifungashwa vizuri unauzika dukani kama sabuni.

Hapa ndipo sauti na siasa vinapokutana. Kama muziki wa kupinga mfumo umekuwa na fomula ambayo kila mtu anaijua, basi nao ni bidhaa, haijalishi mashairi yana hasira kiasi gani. Kwao, kubadilisha mashairi bila kubadilisha mdundo kulikuwa sawa na kupaka rangi duka lile lile. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Nisichokubaliana nacho ni pale wanapoacha kupiga na kuanza kuhutubia. Zile sehemu za kusema na vipande vya sauti za redio vinaweza kukatwa bila hasara.

Mwimbaji anafokaje dakika 55 bila kuua koo?

Wenye ujuzi hutegemea pumzi ya tumboni, na mkwaruzo wanautoa kwenye mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, si kwenye nyuzi zenyewe. Asiyejua hilo hupoteza sauti baada ya nyimbo mbili. Na kumbuka kwamba studio si jukwaa: si lazima nyimbo zote zirekodiwe kwa mkupuo mmoja.

Ilipotoka ilipokelewaje?

Vibaya, au tuseme kwa ubaridi. Mashabiki wengi wa hadikoo hawakujua waifanyie nini. Bendi yenyewe ilikwenda ziara Marekani ikiwa imechokana, ikapiga mbele ya watu wachache, na onyesho la mwisho likafanyika kwenye chumba cha chini ya nyumba huko Harrisonburg, Virginia, hadi polisi walipoingia kulisimamisha. Baada ya hapo walitoa tamko kwamba Refused imekufa na haitapiga tena kamwe. Steen alitengeneza filamu kuhusu siku hizo za mwisho, ikatoka 2006, na ukiitazama huoni mashujaa. Unaona vijana waliochoka ndani ya gari.

Albamu ilienea baada ya kifo cha bendi. Ilipita mkono kwa mkono, na kufikia miaka ya 2000 bendi za metali na za panki kote Marekani na Ulaya zilikuwa zikiitaja. Hapo ndipo kinaya kinapoingia: kule kukatika-katika, vipande vya elektroniki na kunong'ona kabla ya mlipuko viligeuka kuwa fomula mpya. Nimesikia nakala nyingi mno za New Noise. Wanaiga mlipuko, hawaigi sababu ya mlipuko.

Lakini walirudi. Huo si unafiki?

Walirudi 2012, wakapiga Coachella, tamasha kubwa la California lenye tiketi ghali, kisha wakatoa albamu ya Freedom mwaka 2015 na War Music 2019. Mwaka 2020 muziki wao ukaingia hata kwenye mchezo wa kompyuta wa Cyberpunk 2077, wakiwa wamevaa jina la bendi ya kubuni iitwayo Samurai. Debord angecheka.

Binafsi siwezi kuwahukumu kwa kutaka kupiga nyimbo zao mbele ya watu wanaozijua, jambo ambalo 1998 hawakulipata. Tamko la kwamba hawatarudi kamwe liliandikwa na watu wa miaka ishirini na kitu. Shida yangu na Freedom ni ya kimuziki: imepigwa vizuri, imerekodiwa vizuri zaidi, na haina wimbo hata mmoja ambao unahofia utavunjika njiani. Walifunga bendi tena kwa maonyesho ya nyumbani Umeå mwishoni mwa 2024.

Je, Afrika Mashariki kuna aliyefanya jambo la namna hii?

Wapo Duma wa Nairobi. Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, na Sam Karugu walitoka kwenye metali ya Kenya, wakaenda kurekodi Kampala, na albamu yao ikatolewa 2020 na Nyege Nyege Tapes. Hawafanani na Refused, na sijui kama wanawajali. Lakini wao pia walichukua muziki mkali uliokuwa na kanuni zilizoletwa kutoka kwingine, wakaondoa mpiga ngoma, wakaweka mashine zinazokimbia kwa kasi isiyowezekana kwa mikono ya binadamu. Khanja hafoki juu ya mdundo, anapigana nao. Anayesema hii ni kelele hajakosea, ila kelele hiyo imepangwa.

Nianze wapi, kama sijawahi kusikiliza chochote cha aina hii?

Usianze na wimbo wa kwanza, utachoka na hotuba. Anza na New Noise, mara mbili mfululizo. Ukishazoea kule kuzimwa kwa umeme kabla ya mlipuko, hamia kwenye The Deadly Rhythm, na safari hii fuata ngoma peke yake, achana na sauti. Liberation Frequency uweke mwisho wa siku hiyo. Albamu nzima isikilize siku nyingine, kwa spika na si kwa simu, maana besi ile ya mbao kwenye kispika cha simu haipo kabisa.