Kauli Iliyopoteza Kirejelewa: Uondoaji wa Maelezo Yaliyopitwa na Wakati katika Msimbo wa Viendeshi

1.0 Utangulizi

Kiendeshi ni programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuwasiliana na kifaa fulani, kama vile printa, diski au kadi ya mtandao. Msimbo wake chanzo huwa na matini mbili zilizofumwa pamoja. Ya kwanza ni amri, ambazo katika viendeshi vingi huandikwa kwa lugha ya C. Ya pili ni maelezo yanayoandikwa kwa lugha ya kawaida ya binadamu, nayo katika C hufunguliwa kwa alama /* na kufungwa kwa alama */. Kompaila, yaani programu inayougeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, huyaruka maelezo hayo. Aliyekusudiwa kuyasoma ni mtu.

Neno “maelezo” linatumika hapa badala ya “maoni” kwa sababu maalumu. Maoni ni mtazamo wa mtu, na mwingine anaweza kuukubali au kuukataa. Maelezo ya msimbo ni dai kuhusu hali ya jambo, hivyo yanaweza kuwa ya kweli au ya uongo. Kwa hiyo yanaweza kuchunguzwa kwa zana za semantiki na pragmatiki kama kauli nyingine yoyote.

Makala haya yanajadili ni kwa kigezo gani maelezo huhesabiwa kuwa yamepitwa na wakati na kustahili kuondolewa. Mifano imetokana na kiini cha Linux, mradi ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Hoja inayotetewa ni kwamba kigezo hicho si umri wa maelezo, bali ni kukatika kwa uhusiano baina ya kauli na kirejelewa chake.

2.0 Namna Kauli Inavyochakaa

Amri ikikosewa, mara nyingi kosa hujitokeza: kompaila huikataa au kifaa hushindwa kufanya kazi. Maelezo yakikosewa, hakuna kinacholalamika. Mtaalamu anaweza kuibadili amri na kuyaacha maelezo yaliyo juu yake yakisema yaleyale ya jana. Aidha, kirejelewa kinaweza kuondoka mahali pengine kabisa, pasipo mstari hata mmoja wa kiendeshi chenyewe kuguswa.

Mfano ulio wazi ni ule wa kufuli kuu la kiini. Kufuli hili liliingizwa katika toleo la 2.0 mwaka 1996, Linux ilipoanza kutumika katika kompyuta zenye prosesa zaidi ya moja. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba sehemu za msimbo zilizolitegemea zinatekelezwa na prosesa moja tu kwa wakati mmoja. Baada ya miaka mingi ya kulipunguza hatua kwa hatua, liliondolewa kabisa katika toleo la 2.6.39 mwaka 2011. Tangu hapo, maelezo yanayosema kwamba utaratibu fulani huitwa kufuli kuu likiwa limefungwa hayana kirejelewa.

Madhara ya kauli kama hiyo si ya kinadharia. Msomaji anayeiamini anaweza kuongeza data inayotumiwa kwa pamoja bila kuiwekea ulinzi mwingine, akidhani ulinzi upo. Prosesa mbili zikiiandika data hiyo kwa wakati mmoja, inaweza kuharibika, na kosa la aina hiyo ni gumu kulinasa kwa kuwa hutokea mara moja moja.

3.0 Aina za Maelezo ya Zamani

Kwa kuzingatia uhusiano wa kauli na kirejelewa, maelezo ya zamani yanaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni maelezo yanayopotosha, kama yale ya kufuli kuu. Haya huondolewa, au huandikwa upya endapo kuna kanuni mpya iliyochukua nafasi ya ile ya zamani.

Kundi la pili ni maelezo ambayo kirejelewa chake kimehama lakini hayadhuru utendaji. Faili nyingi ziliwahi kubeba anwani ya posta ya taasisi ya Free Software Foundation ndani ya tangazo la leseni. Taasisi hiyo ilihamia 51 Franklin Street, Boston, mwaka 2005, na mwaka 2024 ikaifunga ofisi hiyo pia. Anwani inaweza kufutwa, lakini tangazo la haki na leseni linalobeba anwani hiyo ni tendo la kisheria, wala mtu hawezi kulifuta kwa sababu tu limezeeka. Tangu mwaka 2017 kiini cha Linux kimekuwa kikiyabadili matangazo marefu ya leseni kwa mstari mmoja wa utambulisho. Hapo umbo la kauli hubadilika, lakini nguvu yake hubaki.

Kundi la tatu ni maelezo ya zamani ambayo yangali kweli. Kiendeshi kinaweza kuwa na amri ya kusubiri kidogo kabla ya kusoma jibu la kifaa, na maelezo yakasema kwamba kifaa hicho kina kasoro ya kiwandani. Amri husema “subiri”, lakini haiwezi kusema sababu. Maelezo yakifutwa, msomaji wa baadaye ataiona amri hiyo kuwa ya bure na kuiondoa, na kasoro itarudi.

4.0 Utaratibu wa Kuondoa

Mhariri wa mswada hafuti neno kimyakimya. Huonyesha alichokibadili na sababu yake. Mhariri wa msimbo naye hana budi kufanya vivyo hivyo. Ufutaji uwasilishwe peke yake, pasipo kuchanganywa na mabadiliko ya amri, na uambatane na taarifa inayotaja ni lini na kwa badiliko lipi kauli ilikoma kuwa kweli.

Programu ya Git huhifadhi taarifa hizo, lakini hazina kuu ya Git ya kiini cha Linux inaanzia Aprili 2005. Maelezo yaliyokuwapo kabla ya hapo hayana historia ndani ya hazina hiyo, hivyo yanahitaji uchunguzi zaidi kabla ya kufutwa.

5.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uondoaji wa maelezo ni kazi ya ufasiri kabla ya kuwa kazi ya ufutaji. Anayefuta kwa kuangalia umri atapoteza kauli za kundi la tatu, na asiyethubutu kufuta ataziacha za kundi la kwanza ziendelee kupotosha. Swali la kuuliza mbele ya kila kauli ni iwapo jambo inalolitaja lingalipo.