Chama cha Kabaka, na Watemi Wasio na Chama

*Mtaalamu wa historia ya siasa anajibu maswali ya wasomaji wa Rungwa, mkoani Singida*

Hapa kwetu Ukimbu tulikuwa na watemi. Mbona hawakuanzisha chama, kama Waganda walivyoanzisha Kabaka Yekka?

Watemi wa Ukimbu walikuwa wengi, kila mmoja na himaya yake ndogo. Nyungu ya Mawe aliwatiisha kwa rugaruga, yaani askari wake, na alipofariki mwaka 1884 akarithiwa na binti yake, Mgalula. Utawala huo ulikwisha zamani kabla ya enzi za kura. Waingereza nao wakawatumia machifu kukusanya kodi, jambo lililowapunguzia mapenzi ya watu. Chama cha TANU kiliwavuta baadhi yao: Mtemi Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alikuwa waziri katika serikali ya Nyerere. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yakafutwa.

Buganda ilikuwa na nini cha ziada?

Kiti kimoja, na jeraha bichi. Mwaka 1953 Gavana Andrew Cohen alimhamishia Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, Uingereza kwa nguvu. Aliporudi mwaka 1955, heshima yake ilikuwa imepanda maradufu. Uchaguzi wa Machi 1961 ulisusiwa na Waganda wengi, hivyo Benedicto Kiwanuka wa chama cha DP, Mkatoliki asiye wa ukoo wa kifalme, akashinda. Watu wa Mengo, makao ya Kabaka, hawakuvumilia. Juni mwaka huohuo Masembe-Kabali na wenzake wakaanzisha Kabaka Yekka, yaani Kabaka peke yake. Februari 1962 walizoa viti 65 kati ya 68 vya Lukiiko, bunge la Buganda, kisha wakaunda serikali pamoja na chama cha UPC cha Milton Obote.

Kilianguka vipi?

Chama hicho kilikuwa na hoja moja tu, ukuu wa Kabaka, na ilitimia haraka mno. Oktoba 1963 Mutesa akawa Rais wa Uganda. Hapo ndipo naona msiba ulipoanza: mtu mmoja hawezi kuwa Rais wa wote na Kabaka wa Waganda. Novemba 1964 wakazi wa Buyaga na Bugangaizi, kaunti zilizokuwa chini ya Buganda, walipiga kura kurudi Bunyoro, na Rais akajikuta Kabaka aliyepoteza ardhi. Wakati huo muungano na Obote ulikuwa umeshavunjika. Mei 1966 jeshi likiongozwa na Idi Amin likavamia ikulu ya Mengo. Mutesa alikimbia, akafia London mwaka 1969.

Leo je?

Falme zilizofutwa mwaka 1967 zilirudishwa mwaka 1993, na Mutebi II akatawazwa Kabaka. Ila Katiba ya 1995 inamkataza mfalme kujiingiza katika siasa za vyama.