SOMO: KUTEMBEA MOMBASA BILA KUMWACHA MTU NYUMBANI



Katika vikundi tunavyotembelea, ziara ya Mombasa haikosi kutajwa. Fedha huchangwa mwaka mzima. Lakini orodha ikiandikwa, majina ya kwanza kukatwa ni ya wazee na walemavu, na sababu ni ile ile: "Hao watatuchelewesha." Michango yao hata hivyo imo mfukoni! Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mlemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma. Basi tujifunze kupanga ziara kwa mwendo wa yule aliye wa polepole zaidi.

Tuanze na usafiri. Garimoshi jipya la Nairobi, lililoanza 2017, huishia Miritini, upande wa bara, na kutoka hapo bado kuna mwendo mpaka kisiwani. Kwa hiyo sisi tunapendelea basi la kukodi ambalo litabaki nanyi. Mjini, tuktuk ni rahisi kupanda kuliko matatu kwa mwenye magoti mabovu. Mpatane bei kwanza.

Fort Jesus mwende asubuhi, kabla jua halijawa kali. Wareno walianza kuijenga ngome hii 1593, Waarabu wa Omani wakaiteka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, na Waingereza wakaifanya jela. Bebeni vitambulisho, maana raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Njia ya kuingilia inapanda, mawe ya chini hayako sawa, na kuna ngazi za kwenda juu ya kuta. Asiyeweza ngazi abaki uwanjani, tena na mwenzake, asiachwe kama mzigo. Mji wa Kale uko hapo hapo kando. Vichochoro ni vyembamba na pikipiki hazina huruma, kwa hiyo tembeeni wachache wachache mkiangalia milango ya kuchongwa.

Pahali pa kukaa kwa raha ni Mama Ngina, ufukoni, palipotengenezwa upya 2019. Njia ni pana, mibuyu ina kivuli, na meli zinazoingia Kilindini hupita mbele yenu. Feri ya Likoni iko karibu, na mwenye kwenda kwa miguu halipi. Ila epukeni asubuhi na jioni watu wanapokwenda na kutoka kazini. Maji yakipwa mteremko wa kushukia huwa mkali, kwa hiyo kiti cha magurudumu kishikwe na watu wawili.

Kwa wakulima hatuwezi kuacha Haller Park, Bamburi. Palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, jangwa tupu. Mwaka 1971 ilianza kupandwa miti, na mvinje ndio uliostahimili. Majani yake hayakuwa yakioza, ndipo wakaletwa majongoo wayale na kufanya udongo. (Sisi huku tunawakanyaga!) Leo ni msitu wenye twiga na kobe wakubwa, na njia zake ni tambarare.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Katika ziara yetu ya mwisho, ni nani aliyechanga na hakwenda? Nani aliamua?

2. Tukipunguza sehemu moja ya kutembelea ili wote wafike, tuache ipi?

3. Nani atamsukuma nani, na watapokezana wapi?