Baba Mkorofi, Mtoto Hana Kosa

Shikamoo Mama,
Nafundisha kitengo cha elimu maalumu katika shule moja ya msingi hapa Mbeya. Baba wa mwanafunzi wangu mmoja mwenye usonji huingia darasani bila hodi na kunifokea mbele ya watoto. Usiku hunisema kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Juzi alinirushia daftari kifuani kwa sababu kijana alirudi nyumbani suruali imelowa mkojo. Wenzangu wananiambia nimrudishe mtoto kwao mpaka baba ajirekebishe. Nifanyeje?
Mwalimu niliyechoka, Uyole

Marahaba mwanangu, na pole. Kurushiwa daftari ni kudhalilishwa, na hukuajiriwa kwa ajili hiyo. Hata hivyo, ushauri wa wenzako usiufuate. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyo haki ya kusoma sawa na wenzake, wala haikuweka sharti kwamba baba yake awe mpole. Ukimfungia geti, mkosaji anaendelea na shughuli zake, anayeadhibiwa ni asiye na kosa.

Anza na ile suruali. Nani humpeleka mtoto chooni? Kama hakuna, baba ana hoja, ingawa ameileta kwa mdomo mchafu. Pangeni saa za choo, na nyumbani walete nguo ya akiba. Kwa baridi ya Uyole mwezi Juni na Julai, kushinda na suruali mbichi si jambo dogo.

Ukishalimaliza hilo, mwekee baba mipaka kwa barua yenye saini ya mwalimu mkuu. Darasani haingii. Akiwa na neno, aombe miadi, mkutane ofisini mbele ya mwalimu mkuu na mjumbe wa kamati ya shule. Habari za kila siku ziandikwe kwenye daftari la mawasiliano. Huko WhatsApp usimjibu. Kila tukio andika tarehe, maneno yaliyosemwa na shahidi. Akirudia, suala liende kwa afisa elimu kata na afisa elimu maalumu wa halmashauri. Akitishia kukupiga, nenda polisi.

Wazazi wengi wa namna hii hufoka kwa hofu: mwanangu ataishije nikifa? Siku baba huyu akitulia, mweleze habari za Neema Crafts pale Iringa mjini, karakana iliyoanza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha. Watu wenye ulemavu wanafuma, wanashona na kuhudumia mgahawani. Mhudumu kiziwi anakupa karatasi, unaandika chai yako, inaletwa. Kisha muulize baba huyo: kijana akichafukwa hutulizwa na nini? Hilo yeye analijua kuliko wewe, na utalihitaji darasani.

Kwa hiyo kesho andika barua hiyo, mwalimu mkuu aisaini. Baba ashughulikiwe ofisini, mtoto aendelee na masomo.