Herufi nono za mlazo: vidokezo kwa wachora mabango wa Mikumi na Kilosa

Pale Mikumi mjini, barabara kuu ya kwenda Iringa ndiyo inayoleta wateja. Kuta za vibanda, mabati ya gereji, ubavu wa malori, vyote huandikwa kwa brashi, na herufi inayopendwa ni ile nene ya mviringo iliyolalia kulia. Naipenda mno, ndiyo maana naumia nikiiona imeharibiwa kwa haraka.

1. Ipe neno moja, yakizidi mawili. SUPU. PANCHA. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde, hivyo aliyemo hana muda wa kusoma zaidi.

2. Pima mlazo. Kwa herufi ya urefu wa sentimita 30, kichwa kisogee kulia sentimita 6 tu. Piga mistari ya chaki iliyolala ukuta mzima kabla hujafungua kopo la rangi. Ukizidisha, neno litaonekana limeanguka.

3. Linda jicho la "a". Kiswahili kimejaa "a": maandazi, kahawa, karanga. Brashi nene huziba kile kitundu, na ukiwa ng'ambo ya barabara "kahawa" unaiona madoa matupu. Chora kitundu kwanza, kisha ijenge herufi kukizunguka. Kiache kikubwa kuliko unavyodhani kinatosha, maana rangi nyepesi hutambaa.

4. Mtazame mkumi wenyewe, mnazi-mwitu uliolipa eneo hili jina. Shina lake hupanda jembamba, likatuna, kisha likasinyaa tena. Mguu wa herufi nono nao utune hivyo kidogo. Sasa andika "Mikumi": ile "umi" ya mwisho ina miguu sita mfululizo, na ukiipiga kwa vijiti vilivyonyooka umejenga uzio wa fito. Kinachoiokoa ni tumbo la "u" chini na migongo ya "m" juu. Usiogope mkono usionyooka kama rula. Oswald Cooper wa Chicago, aliyebuni Cooper Black, herufi nono iliyotoka 1922 na kuenea duniani, naye alikuwa fundi wa kuandika matangazo kwa mkono.

5. Kwenye basi, anza kwa kuuliza mbele ni wapi. Upande wa dereva, mlazo wa kulia huelekea mbele, na jina linakimbia pamoja na gari. Upande wa mlango, mlazo uleule huelekea nyuma, kama umesukumwa na upepo. Huko tumia herufi nono iliyosimama wima.

6. Kilosa, karibu na stesheni, msomaji wako amesimama na mzigo wake, ana muda. Jina la hoteli lilaze na ulinenepeshe, lakini orodha ya vyakula na bei iandike wima, kwa herufi nyembamba. Namba ya simu vivyo hivyo: 3, 6 na 8 zikinenepeshwa hufanana, na mteja atampigia mtu mwingine.