Wavu wa Jiko la Chuma na Jinsi ya Kuutunza

Katika shule nyingi, nyumba za wageni na nyumba za watu mashambani mna majiko ya chuma yatumiayo kuni au makaa. Ndani ya jiko la namna hii, chini ya moto, umelazwa wavu wa chuma. Kuni huungua juu yake, na majivu huanguka katikati ya fito zake. Mgeni hauoni wavu huu, wala mpishi hausifu. Walakini ukiharibika, jiko zima huwa bure, na chakula cha watoto wa shule huchelewa. Tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu habari zake, maana nyavu nyingi hufa kabla ya wakati wake, na aghalabu kinachoziua si moto, bali ni majivu yaliyoachwa chini yake.

ASILI YA CHUMA HIKI

Wavu wa jiko hufanywa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa hata kikawa kama maji, kisha kikamiminwa katika kalibu ya mchanga. Ndani yake mna kaboni, ambayo ndiyo asili ya makaa, kadiri ya sehemu 2 mpaka 4 katika 100. Kwa sababu ya kaboni hiyo huyeyuka kwa moto wa digrii 1,150 mpaka 1,200 za sentigredi, hali chuma kitupu chahitaji digrii 1,538. Wachina waliijua kazi hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Katika Uingereza, Abraham Darby alipewa hati ya kusubu vyungu vya chuma katika mchanga mwaka 1707, na mwaka 1709 huko Coalbrookdale alianza kuyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza ili kuondoa uchafu wake. Tangu hapo vyombo vya chuma cha kusubu vilizidi kuwa rahisi kupatikana.

Chuma hiki si sawa na kile cha wahunzi wetu wa zamani wa Ufipa, Upare na Buhaya. Chuma chao kilifuliwa kwa nyundo, kikanyooshwa na kupindwa kuwa jembe au mkuki. Chuma cha kusubu hakifuliki. Kina nguvu ya kuchukua mzigo na kuvumilia joto, lakini kikigongwa huvunjika kama chungu. Basi wavu uliopinda usipelekwe kwa mhunzi kunyooshwa. Atarudisha vipande viwili. Tena wavu ulio moto usimwagiwe maji, maana upande mmoja hujikunja ghafula hali upande wa pili ungali umetanuka, na ufa hutokea papo hapo.

PUMZI YA MOTO

Wazee wa Ufipa walijenga matanuu ya udongo marefu kupita kimo cha mtu. Katika kuyeyusha mawe ya chuma hawakutumia mivukuto. Waliacha matundu chini ya tanuu, na moto ukavuta upepo wenyewe kwa urefu wa tanuu lile. Mivukuto walitumia baadaye, katika tanuu dogo la kusafishia chuma. Walijua kwamba moto huvuta pumzi kutoka chini.

Jiko la chuma hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Upepo huingia kwa mlango wa chini, hupita katikati ya fito za wavu, na moshi hutoka kwa dohani. Upepo huo una kazi mbili. Ya kwanza ni kuulisha moto. Ya pili, ambayo watu wengi hawaijui, ni kuupoza wavu. Maadamu upepo baridi wapita kati ya fito, wavu hauchukui joto lote la makaa yaliyo juu yake. Majivu yakijaa chini hata yakagusa fito, upepo hukatika, na wavu hubaki kati ya makaa juu na majivu ya moto chini. Hapo huwa mwekundu, hulegea, hupinda katikati, na mwisho hukatika.

Iko hatari kubwa zaidi ya hiyo. Moto ukosao pumzi hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, na akiwa amelala aweza kufa asijue. Kwa hiyo kusafisha wavu si kazi ya kulinda mali tu, bali ni kulinda roho za watu. Wala mtu asilale katika chumba chenye moto wa makaa, hata ikiwa jiko lake ni safi.

KAZI ZA KUFANYA

Kila siku asubuhi, kabla ya kuwasha moto, jiko likiwa baridi, tikisa wavu au pitisha kijiti cha chuma kati ya fito ili majivu yaanguke. Kisha toa majivu yote ya chini, usingoje yajae.

Kila juma, toa wavu nje. Usugue kwa brashi ya waya pande zote mbili, na toa misumari na vijiwe vilivyokwama. Haifai kupiga kwa nyundo. Utazame kama una ufa: uninginize kwa kamba na uugonge polepole kwa kipande cha mti. Wavu mzima hulia kama kengele. Wenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa.

Ukiurudisha, angalia mambo mawili. Fito nyingi ni pana upande wa juu na nyembamba upande wa chini, ili majivu yapitayo juu yasikwame chini. Wavu ukigeuzwa, majivu huziba upesi. Tena acha nafasi ndogo kando kando, kwa kuwa chuma hutanuka kikipata moto; kikibanwa hakina budi kupinda au kupasuka.

Wakati wa likizo ya shule, jiko lisiachwe na majivu ndani. Majivu hunyonya unyevu wa hewa na kuukalisha juu ya chuma, na kutu huanza. Safisha wavu, ukaushe vema, uupake mafuta kidogo kwa kitambaa. Pwani, penye hewa ya chumvi, jambo hili lapasa zaidi.

Wavu wa kuchomea nyama na samaki hutunzwa kwa njia nyingine. Usugue ungali na vuguvugu, uukaushe juu ya moto, kisha upake mafuta ya kupikia membamba sana na uutie joto hata yakauke. Ukifanya hivyo mara kwa mara, hupata ngozi nyeusi ngumu izuiayo kutu, na chakula hakishiki. Wavu wa chini ya moto haupati ngozi hiyo, maana moto huiteketeza.

MAJIVU YAWEKWE WAPI

Kaa dogo laweza kukaa hai ndani ya majivu zaidi ya siku moja. Majivu yasitiwe katika kikapu wala kumwagwa karibu na nyumba ya makuti au nyasi. Yawekwe katika debe lenye kifuniko, mbali na ukuta, hata yapoe kabisa. Baada ya hapo majivu ya kuni yafaa kutiwa kidogo kidogo katika shamba lenye udongo mchachu, au katika choo cha shimo kupunguza harufu.

Walimu waweza kuwaonyesha wanafunzi habari ya kutu kwa misumari mitatu mipya. Mmoja uwekwe pakavu, wa pili ufungwe katika kitambaa chenye maji, wa tatu upakwe mafuta kisha ufungwe vivyo hivyo. Baada ya juma moja waifungue na kuilinganisha. Kisha wapewe zamu ya kutoa majivu ya jiko la shule, kila mmoja siku yake, na jina lake liandikwe ubaoni.