Wajibu wa Mlezi wa Watoto Wadogo juu ya Moto

Hapa kwetu Nyakarenzo akina mama wengi hushinda mashambani, na watoto wao wadogo huachwa nyumbani kwa mmoja wao, ambaye huwatunza na kuwapikia uji. Nyumba ya namna hii twaiita kwa Kinyarwanda urugo mbonezamikurire. Kwetu ni mojawapo, na mama yangu ndiye mlezi. Leo nataka kueleza wajibu wa mlezi juu ya moto, maana somo hili nilijifunza kwa aibu.

Likizo iliyopita nilikuwa nikimsaidia mama. Mvua ilipoanza kunyesha nililiingiza ndani jiko la makaa, yaani imbabura, nikaliweka kando ya mlango. Mlango huo ulikuwa mmoja tu. Nikaenda kuchota maji. Niliporudi, pazia la mlango lilikuwa linawaka na chumba kimejaa moshi. Mama alilivuta pazia likaanguka, nami nikalimwagia maji, tukawatoa watoto mbio. Huko uani mama akawahesabu: 11. Asubuhi walikuwa 12.

Nilirudi ndani nikitambaa, nikiita jina la yule aliyekosekana. Hakuitika. Nilimkuta chini ya kitanda, msichana wa miaka mitatu, amejifunika macho kwa mikono yake, kimya kabisa. Alikuwa mzima, namshukuru Mungu.

Hilo ndilo fundisho la kwanza. Mtu mzima akiona moto hukimbia. Mtoto mdogo mara nyingi hujificha. Hajui mlango uko wapi katika moshi, wala hana nguvu ya kufungua komeo. Basi mlezi hana budi kuitengeneza njia ya kumtoa kabla moto haujatokea.

Msidhani kwamba hatari hii ni ya nyumba zetu za kijijini tu. Tarehe 5 Juni 2009, katika mji wa Hermosillo, nchi ya Mexico, moto ulianza katika ghala lililopakana na nyumba ya kulelea watoto. Mlango wa dharura haukuweza kutumika, na watu wa nje wakalazimika kuvunja ukuta kwa gari. Watoto 49 walikufa. Tarehe 28 Mei 2012, katika jengo la fahari la maduka mjini Doha, Qatar, watu 19 walikufa. Kati yao 13 walikuwa watoto wa chumba cha malezi, na wanne walikuwa walimu wao. Moshi ndio uliowaua. Na mwaka 2021 katika nchi ya Niger madarasa yaliyojengwa kwa nyasi yaliteketea mara mbili: mwezi wa Aprili watoto 20 walikufa mjini Niamey, na mwezi wa Novemba 26 mjini Maradi. Wengi wao walikuwa watoto wa chekechea.

Jirani zetu wa Kenya pia wana kilio chao. Mwaka 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya Kyanguli. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa kitabu cha usalama shuleni, kinachoagiza kwamba milango ya bweni ifunguke kwa nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na nondo. Agizo hilo lawafaa watoto wadogo kuliko hata wakubwa.

Basi, wajibu wa mlezi ni huu:

Kwanza, jiko likae mbali na mlango, mbali na mapazia na mikeka, wala lisiingizwe chumbani mwa watoto. Makaa hutoa pia hewa ya sumu isiyo na harufu.

Pili, njia za kutokea ziwe mbili, na zisizibwe kwa magunia wala baiskeli. Mlango usifungwe kwa kufuli watoto wakiwa ndani.

Tatu, watoto wahesabiwe wanapofika, na idadi iandikwe. Bila hesabu ya asubuhi tusingalijua kwamba mmoja amebaki.

Nne, wafanyishwe zoezi la kutoka kama mchezo: kuinama chini ya moshi, kushikana mikono, na kukusanyika chini ya mti mmoja wanaoujua.

Tano, watoto watolewe kwanza, vyombo baadaye. Kisha polisi waitwe kwa namba 112. Lakini magari hupanda vilima vyetu polepole, kwa hiyo dakika za kwanza ni za mlezi mwenyewe.

Baada ya siku ile, baba nami tulitoboa ukuta wa nyuma tukatia mlango wa pili. Kazi ilichukua siku mbili tu. Nilipokuwa nikibomoa yale matofali nilifikiri jinsi siku mbili zilivyo chache, nasi tulikuwa tumeishi humo miaka mingi.

Nanyi ndugu zetu mliomaliza shule hii, wengi wenu sasa ni wazazi, na wengine ni walimu. Mnapompeleka mtoto kwa mlezi, msiulize habari ya uji peke yake. Ulizeni pia mlango wa pili uko wapi. Tahadhari kabla ya hatari.